Tigri Asitoke Leo

Sherida mwanangu,

Usimfungulie Tigri mlango, hata alie vipi. Asubuhi nimemkuta tena chini ya tundu la mzee Wirjo, anamkodolea macho yule ndege wa mashindano ya kuimba. Ndege kanyamaza kabisa, na mashindano ni kesho! Mzee kaniambia, "Mama Sherida, nikimwona paka wako hapa tena, usije kuniuliza yuko wapi." Wala hakufoka. Hicho ndicho kilichonitisha.

Tambi zimo sufuriani. Funga madirisha, ~~la jikoni liache wazi kidogo, kuna joto~~ yote.

Usinicheke. Aliyemtoa alfajiri ni mimi. Alikwaruza mlango, akaniangalia, nikashindwa. Ufunguo wa nyuma ufiche, na nikirudi usiniambie umeuweka wapi.

Mama yako