Gundi ya Tumbaku Mikononi

Mdogo wangu Boke,

Ziwa hapa Homa Bay ni zuri kama kwenye picha hii, lakini leo nimekasirika hata samaki sijamgusa. Asubuhi aliletwa wadini kwetu msichana wa shule, anatapika na kuona kizunguzungu. Sista mkuu hakumgusa. Aliitazama tu sare yake, akasema, "Mimba hiyo. Mpe beseni." Mama yake akaanza kulia. Nikiwa nimeshika beseni niliona viganja vya msichana vimejaa gundi nyeusi, ile ile ya majani ya tumbaku ya shambani kwetu. Nilipomuuliza, akasema wamevuna alfajiri, majani yakiwa na umande, sare ikamlowa mwilini. Nikamweleza sista kuwa ni sumu ya tumbaku mbichi, umande umeipenyeza kwenye ngozi. "Wewe mwanafunzi, nani amekutuma kufikiri?" akafoka. "Shika beseni!" Nilimwosha msichana hata hivyo, nikambadilisha nguo. Mchana alikuwa anaomba uji. Sista amenivua kofia ya uuguzi mbele ya wagonjwa, na yule mama hajaombwa msamaha.

Boke, ngoja umande ukauke ndipo uingie shambani. Na siku ukitapika, usikubali kuitwa mjamzito na mtu ambaye hajakushika mikono.

Dada yako anayekuwaza,
Robi