Uchungu Nisioujua

Jumatatu, 9 Juni 1975

Baridi ya Iringa haina adabu. Vidole vimekufa ganzi na hadithi bado. Bwana Elimu anataka hadithi fupi za kusomwa na akina mama wa darasa langu la kisomo cha watu wazima. Maneno mepesi, mambo ya maisha yao. Nimechagua kuzaa. Mimi! Tumbo langu halijawahi kubeba kitu ila ugali.

Nimeandika: “Aliumwa sana.” Nimefuta. Hata jino linauma sana.

Jumatano, 11 Juni 1975

Mama mkwe kazalisha leo nyumba ya jirani. Ndiye mkunga wa Kihesa hii. Mimi nimebaki uani na sufuria ya maji, kama kawaida. Kwao pwani asiyezaa haingii chumba cha uzazi. Akiingia, wanasema, anaufunga — mtoto hatoki. Basi kazi yangu kuchemsha maji na kufua kaniki. Miaka yote ya ndoa nimesimama nyuma ya ukuta, nasikiliza.

Nimerudi nikaandika bila kunyanyua kalamu. Ile sauti ya chini, ya kusukuma, naijua. Maumivu ya kiuno nimeyatoa kwenye ndoo ya maji nikipanda nayo kutoka bombani. Ila mtoto alipotoka nikakwama. Mwilini hufuata nini? Sijui! Nikamvisha yule mama wa hadithi malaria yangu ya mwaka jana: baridi ya ghafla, miguu inatetemeka, meno yanagongana. Uongo mtupu. Lakini unasomeka.

Ijumaa, 13 Juni 1975

Nimewasomea darasani. Damari akaanza kulia, mtu mzima mwenye wajukuu. Eti hata miguu! Yake ilitetemeka hivyohivyo kwa kifungua mimba, akadhani anakufa.

Kumbe ni kweli?

Kalista, jirani yangu, mwenye mimba iliyokwisha kukomaa na mume aliye Mbeya kwenye kazi ya reli, akanishika mkono. “Mwalimu, kumbe umezaa! Mbona ulituficha?”

Nilicheka tu. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Walinisogezea nafasi mkekani, katikati yao. Sijawahi kukaa pale. Ilikuwa raha, Mungu anisamehe.

Jumapili, 15 Juni 1975

Habari zimemfikia mama mkwe. Kihesa haina siri.

Huyu ndiye aliyeniambia mwezi uliopita, bila hata kupepesa, kwamba Bushiri mume wangu anachumbia msichana kule Ubaruku. Ndiyo maana safari zake za kununua mpunga haziishi! Anataka mtoto. Leo kaniketisha jikoni, sauti kaishusha.

“Mwamvita mwanangu, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ile baridi ya miguu huwezi kuisikia ukutani. Ulizaa kabla hujaja kwangu?”

Nikainama kuchochea moto.

“Maana kama ulizaa, kasoro si yako. Ni ya mwanangu. Posa naivunja, nisimtie mtoto wa watu kwenye balaa.”

Nikamwomba anipe muda. Kanipa mpaka Alhamisi, Bushiri atakaporudi.

Nikisema nimezaa, sina mke mwenza. Ila nina mtoto wa haramu asiyekuwepo duniani, na mume wangu nimemvua nguo mbele ya mama yake. Nikisema sijazaa, bibi harusi wa Ubaruku anahamia chumba cha pili na mimi narudi kwenye sufuria. Na wale wanawake mkekani, nitawatazamaje? Lo, Mwamvita! Umejichimbia shimo kwa kalamu.

Jumanne, 17 Juni 1975

Sijala. Nimeitoa ile hadithi niichane. Nikaisoma kwanza. Ni nzuri. Hapo ndipo nikalia hasa. Mwili huu umeshindwaje kitu ambacho mkono wake umekiweza? Ningeibadilisha na mtoto mmoja tu, hata mgonjwa, hata wa kufa.

Sikuichana.

Jumatano, 18 Juni 1975

Kalista yuko chumbani kwa mama mkwe tangu alfajiri. Sasa jua liko utosini. Mtoto kakaa vibaya. Mtu kaenda kutafuta gari la kumpeleka hospitali, hajarudi.

Nipo uani na maji yangu. Namsikia ananiita. “Niitieni mwalimu! Yeye anajua!” Anauliza kama baridi ya miguu bado iko mbali. Maskini weee! Anaifuata hadithi yangu kama njia ya kwenda kwao.

Mama mkwe katoka, jasho linamtiririka na baridi hii. Sijawahi kumwona na hofu.

“Hasukumi mpaka ukamshike. Mambo ya Alhamisi yaache. Niambie sasa hivi: umezaa, hujazaa?”

Nikageukia sufuria.

“Kama umezaa, nawa mikono uingie. Kama hujazaa kaa hapohapo, usiniulie mtu.” Karudi ndani. Mlango kauacha wazi kidogo.

Naandika nimesimama, karatasi juu ya mfuniko wa pipa, maana nisipoandika nitapiga kelele. Siamini mambo ya kufunga uzazi. Nimesoma, mimi ni mwalimu. Lakini magoti yangu yanaamini. Akifa nikiwa ndani, nimemuua kwa uongo wangu. Akifa nikiwa nje, kafa ananiita, na nilikuwa nasikiliza ukutani kama siku zote.

Gari halisikiki.

Ananiita tena. Sauti imepungua. Ile ya chini, ya kusukuma, haipo kabisa.

Maji yamechemka. Nimechanganya na ya baridi. Nimenawa mikono mpaka kwenye viwiko. Inadondosha maji humu, wino unasambaa, sioni tena ninachoandika. Naingia.