Fundo Lililopinda

Bertrams, Johannesburg
11 Juni 2017

Mjukuu wangu Orpha,

Uvira hamjambo? Mguu wa mama yako unaendeleaje? Mimi niko, baridi tu ya huku haina adabu.

Unasema nyuzi za rafia za mkanda wako wa kuchezea ngoma zinakatika, na unailaumu mikono yako. Iache mikono. Huko sasa ni kiangazi. Uzi mkavu haukunjiki, unavunjika. Uvingirishe kwanza kwenye kitambaa chenye maji, ulainike. Kisha vuta kama unayemsuka mtoto nywele: akilia, umekaza mno.

Ukimaliza, acha ncha mbili wazi. Fundo la mwisho hufungwa na aliyekufundisha. Kabla ya hapo mkanda hauchezewi.

Koko wako

Uvira
20 Agosti 2017

Koko mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama amepona, sasa anatukimbiza na mwiko.

Mkanda umekwisha! Mikanda ya zamani yote ilipotea tulipokimbia vita. Huu ndio wa kwanza ninaouona kwa macho yangu. Arusi yangu ni Desemba. Njoo ulifunge fundo. Bila wewe sichezi, na usisingizie baridi.

Mjukuu wako, Orpha

Bertrams
15 Oktoba 2017

Mjukuu wangu,

Natumaini hamjambo. Anayeandika ni Jocelyne, jirani yangu msusi. Nilipata kiharusi, mkono wa kulia umelala. Kusafiri siwezi. Mpe Thierry mkanda, anakuja huku na bidhaa zake. Tutaona.

(Mimi Jocelyne: anakula vizuri, na ananigombeza kila herufi.)

Koko wako

Bertrams
26 Novemba 2017

Mjukuu wangu,

Salamu. Mkanda umefika. Nimeupapasa wote, hakuna mahali ulipokaza mno.

Jocelyne alisimama badala yako, mkanda kiunoni, kakaza tumbo asiharibu kipimo. Nilifunga kwa mkono wa kushoto na meno. Fundo limepinda. Alitaka kulinyoosha, nikamwambia, "Eish, usiguse!" Nawe usilifungue. Uvae kwa kuupandisha kutoka miguuni, ucheze.

Koko wako

Uvira
9 Machi 2019

Koko wangu,

Hujambo? Mkono umeamka? Tangu nicheze siku ile, wasichana wanakuja kusuka uani kwangu. Juzi mmoja wao, Kelly, alimaliza mkanda wake wa kwanza. Nikamfungia fundo zuri, limenyooka. Akaangalia mkanda wangu, akaangalia wake, akanuna: "Dada, hili si fundo lenyewe."

Nikalifungua. Nikatumia mkono wa kushoto, na meno.

Mjukuu wako, Orpha