Mkenge Uliouombea Mwaka Mmoja Zaidi

Albertville, mwishoni mwa kiangazi, 1965

Kalisto, ndugu yangu,

Nimesita kukuandikia, kwa sababu sikuona busara ya barua isiyo na mahali pa kupelekwa. Mke wangu ndiye aliyenihimiza. Anasema tangu tulipokuzika nimekuwa nikizungumza peke yangu bustanini, na watu wameanza kuniangalia. Basi naandika.

Kaburi lako ni zima. Udongo ulishuka kidogo mvua zilipokwisha, na mdogo wako akaongeza mwingine. Mwanao wa kwanza amepata kazi bandarini. Amekonda, lakini anafika kazini kwa wakati. Nimeuliza.

Bustani imeumia. Ulipokuwa hai uliona mwanzo wake, ile miezi ya vita ambayo treni hazikutembea na makaa ya Nyunzu hayakufika. Watu walihitaji kupika, wakaingia na mapanga. Mijakaranda ya upande wa reli imekatwa yote chini ya magoti. Mingine imeanza kuchipua, mingine imekufa kabisa. Sasa biro, ofisi ya mji, imeniagiza nikague kila mti uliobaki na niamue mambo matatu tu: ubaki, upunguzwe matawi, au ukatwe.

Nimeianza kazi hiyo bila wewe, mpandaji wangu, nayo haiendi. Unakumbuka tulivyofanya: mimi nilipiga shina kwa nyundo ya mbao, nawe ulitega sikio upande wa pili, ukaniambia kama ndani mna uwazi. Sasa napiga upande huu, na kabla sijazunguka kusikiliza, sauti imekwisha. Mzee mzima nazunguka mti kama mbuzi aliyefungwa. Ungecheka. Najua ungecheka.

Nifike kwenye jambo lenyewe, yaani mkenge wa lango la ziwani.

Kila mwaka nilisema ukatwe. Kila mwaka ulinibishia. Nilikuonyesha ule uyoga mgumu ulioota penye mizizi, nikakuambia kwamba mti ulioliwa ndani hauna huruma kwa waliokaa chini yake. Nawe ulipapasa gome kwa kiganja na kusema, "Papa, tumupatie mwaka moja tena. Tukimupunguzia muzigo, atasimama." Kisha ulipanda na msumeno mgongoni, nami nikabaki chini kushika kamba yako. Ulitoa matawi mazito yaliyoelekea mahali wanapokaa akina mama wanaouza ndakala, dagaa wa ziwa letu, na mti ukasimama mwaka mwingine. Ulipokuwa juu hukunyamaza hata kidogo. Ulinitangazia mitumbwi inayotoka Mpala, ukanitajia nani anasinzia bironi dirisha likiwa wazi.

Siku ile tawi lilipovunjika chini ya mguu wako, nilikushika. Kamba ilinichuna viganja vyote viwili. Wewe ulining'inia hewani, ukanitazama kati ya miguu yako, ukasema, "Kumbe Papa uko na nguvu! Mimi nilifikiri nguvu yako yote iko mu kitabu." Nilikukaripia kwa sababu ya mzaha ule. Nyumbani nilishindwa kushika kijiko, na sikumweleza mtu sababu.

Homa yako ilipokuja, hospitali haikuwa na dawa. Nilikaa kando ya kitanda chako siku zote zile, mikono mitupu. Hapakuwa na kitu cha kushika.

Mwaka huu, basi, hakuna aliyeupunguza mkenge. Umeongeza matawi, umekuwa mzito upande wa lango, na Mama Veronika, mke wako, amerudi kuuza ndakala palepale chini yake pamoja na wenzake. Nilichukua chokaa nikauzungushia shina alama ya kukatwa. Kesho yake alama haikuwepo. Nikapaka tena. Ikafutwa tena.

Siku ya tatu nilifika jua likichomoza ziwani. Nikamkuta Mama Veronika ameinama, anasugua shina kwa kipande cha gunia na maji ya ziwa. Nikamwambia kwa ukali unaoujua kwamba ile ni alama ya serikali. Hakugeuka. Akasema, "Serikali ikuje ijipakie yenyewe." Wenzake wakacheka mpaka mmoja akamwaga beseni lake.

Nikamweleza habari ya uyoga na uwazi wa ndani, polepole, kama darasani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ndipo aliponiambia maneno haya, ambayo nayaandika kama alivyoyasema: "Papa Benedikto, ule uyoga Kalisto alinionesha tangu zamani. Haiko mupya. Kitu kipya njo moja tu: wewe hautaki kukamata kamba ya muntu mwingine."

Kisha akarudi kusugua shina.

Kalisto, alisema kweli. Biro iliniletea wapandaji watatu, nami niliwarudisha wote. Mmoja nilimkataa kwa fundo lake, mwingine kwa viatu vyake. Wa tatu, Elia, ni fundi wa nyaya za simu za reli, amepanda nguzo tangu ujana wake. Yeye nilimwambia kwamba nguzo si mti. Ni kweli kwamba nguzo si mti, lakini hiyo haikuwa sababu. Kamba ile niliijua kwa uzito wako. Sikutaka mikono yangu izoee uzito wa mtu mwingine. Basi nilikuwa tayari kuukata mkenge uliouombea kila mwaka, kuliko kumshikia kamba mtu asiyekuwa wewe, na nikayaita hayo uangalifu.

Nilikwenda stesheni siku ileile. Elia aliniacha nisimame kidogo, kisha akasema, "Papa, juzi nguzo haikukuwa muti. Leo imeshakuwa muti?" Nikamjibu kwamba bado si mti, ila nitamfundisha.

Alipanda jana. Tuliwahamisha akina mama wote, nikakagua fundo lake mara mbili, naye akavumilia. Kamba ilipokaza, nilitamani kuiachia. Sikuiachia. Yeye ni mzito kuliko wewe, na hasemi kitu. Nilipochoka na ukimya nikamuuliza anaona nini huko juu. Akajibu, "Matawi." Ndugu yangu, nilijikuta nalia na kucheka kwa pamoja, mbele ya watu, mimi ambaye sikulia kanisani siku ya mazishi yako.

Tawi kubwa la langoni lilipofika chini, ndani lilikuwa jeusi na tupu. Nilimwita Mama Veronika aone. Aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa ndani. Kisha akaniuliza mti umebakiwa na muda gani. Sikumdanganya. Nilimwambia kwamba kwa mzigo huu mdogo unaweza kuzivuka mvua zijazo, na kwamba zaidi ya hapo siahidi. Akautoa mkono, akaufuta kwenye kitenge, akarudi kupanga ndakala zake.

Kwa hiyo nimeiandikia biro kwamba mkenge wa lango la ziwani upunguzwe, na kwamba umekwisha kupunguzwa. Mwaka huu hukuwepo kuomba. Nimeutoa huo mwaka bila kuombwa.

Lakini unanijua, sitakuaga kwa maneno matamu yasiyo ya kweli. Wewe ulikuwa sahihi kuhusu mzigo, mimi nilikuwa sahihi kuhusu ugonjwa. Nitaukagua kila mwezi, na Elia atatega sikio upande wa pili. Siku nitakaposikia kwamba basi, mti umekwisha, sitapaka chokaa. Nitakwenda nyumbani kwako, nitabisha hodi, na nitamwambia Mama Veronika kwa kinywa changu mwenyewe. Kisha nitauangusha asubuhi, kuelekea ziwani, pasipokuwa na mtu. Sitauongezea hata siku moja kwa ajili ya mapenzi yangu kwako, maana chini yake anakaa mkeo.

Hilo nakuahidi. Pumzika, Kalisto.

Benedikto