Orpa Akizunguka Kisiwa cha Moto

Reykjavik, 9 Juni 2013

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Habari za hapo kambini Nakivale? Macho yanasemaje? Mvua imenyesha juu ya maharage? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nafanya kazi.

Nimepata kazi ya kiangazi. Shule ninayosafisha kule Norwe imenipa likizo mpaka Septemba, sasa nasafisha kwenye meli. Usishtuke, si meli kubwa. Wageni ni themanini, sisi wafanyakazi arobaini. Inazunguka kisiwa kinachoitwa Islandi. Siku kumi tunakizunguka, tunarudi tulipoanzia, tunabadilisha mashuka, tunaanza tena.

Wageni wengi ni wazee. Wanavaa makoti mekundu, wanashushwa kwa mashua za mpira, wanaenda kutazama ndege na barafu na maji yanayochemka yenyewe ardhini. Wakirudi wananuka kiberiti, na mtu anawaoshea viatu mlangoni kabla hawajaingia. Mimi vyumba vyangu ni kumi na vinne. Jua halizami huku. Nimetundika blanketi dirishani ili nilale.

Juzi mgeni mmoja, mama mtu mzima, alinikuta natandika kitanda chake. Akauliza, "Wewe umetoka wapi?" Nikasema Kongo. "Kwenu kuna volkano?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi siku moja ushuke, uone mawe yake." Nikamwambia asante, nikaenda kukunja taulo.

Naandika kwa karatasi kwa sababu melini simu haishiki, na hata ikishika tunaulizana afya tu. Pasta Rwakabuba akikuletea barua hii kutoka kwenye sanduku lake la posta Mbarara, umsalimie.

Binti yako,
Orpa


Nakivale, 14 Julai 2013

Kwa mpendwa Orpa,

Salamu nyingi kutoka kwa mama yako. Anayeandika ni mimi, Eugénie, jirani yake, mwalimu wa shule ya hapa. Mama yako haoni tena herufi. Anamtambua mtu kwa sauti, na jua kali linamtoa machozi. Mengine ni mazuri. Maharage yamevunwa. Kaburi la baba yako Ezira limepaliliwa, na waumini walikuja kuimba siku ya kutimiza miaka sita.

Mama yako anafurahi kwamba una kazi. Anauliza kama meli ina kingo za juu, na kama unavaa sweta.

Amesema pia niandike hivi: "Kwa nini ulimwambia yule mama kwamba kwetu hakuna volkano?" Kisha amesema nifute. Nimeshaandika kwa wino, kwa hiyo nimeacha.

Pasta amepata nafasi ya kumpeleka Ruharo kwa daktari wa macho mwezi wa kumi. Umwombee.

Mama yako, Kampire
(kwa mkono wa Eugénie)


Melini, 22 Agosti 2013

Mama yangu,

Nakusalimu. Natumaini hujambo. Mwalimu Eugénie, nawe nakusalimu, na nakushukuru kwa kumsomea mama.

Mama, nilishuka. Kulikuwa na nafasi kwenye mashua, na mkubwa wetu akasema wa vyumba wanaweza kwenda kwa saa mbili. Ni kisiwa kidogo upande wa kusini, kinaitwa Heimaey. Miaka arobaini iliyopita ardhi ilipasuka pembeni ya mji wao, lava ikashuka juu ya nyumba. Mawe yake ni yaleyale ya Goma. Meusi, yana matundu, yanakata viatu. Nilikaa juu yake nikangoja nione nitasikia nini. Sikusikia kitu. Nilikuwa na baridi ya masikio, basi.

Mwalimu wa mawe wa meli alikuwa anawaeleza wageni. Alisema watu walikuwa elfu tano, na karibu wote walitolewa kwa mashua za wavuvi kabla ya asubuhi.

Kwenye njia ya juu ya lava kuna vibao. Kila kibao kina jina la barabara. Maana yake, barabara hiyo iko hapo chini, imefunikwa. Mtu aliyekuwa na nyumba anaweza kuja kusimama juu yake na kusema, ilikuwa hapa.

Mama, kwa miaka kumi na moja sijakuuliza. Siku ile volkano iliposhuka Goma nilikuwa Gisenyi sokoni, na mwanangu Musoni nilikuachia wewe. Uliniambia alikuponyoka mkononi, ukamwona akianguka, moto ukampita. Sikuuliza zaidi kwa sababu sikutaka kuona. Sasa naweza kuona, haidhuru. Mlikuwa barabara gani? Alianguka wapi? Nataka jina la barabara tu. Nataka niwe na fasi ya kusimama siku moja.

Binti yako,
Orpa


Nakivale, 27 Oktoba 2013

Mpendwa Orpa,

Leo nakuandikia mwenyewe, mama yako hajanituma.

Barua yako nilimsomea nje ya nyumba. Nilipofika kwenye swali la barabara alisema, "Simama hapo." Nikasimama. Akasema, "Hiyo siwezi kuijibu kwa mkono wa mtu mwingine." Akainuka, akaingia ndani akipapasa mlango. Tangu siku hiyo amekuwa akila kidogo sana. Sikumuuliza. Najua una mtoto aliyekufa Goma, na ni hilo tu ninalojua.

Mtoto wa jicho ametolewa Ruharo wiki mbili zilizopita, jicho la kulia. Bandeji imetoka. Jana alisoma jina la sabuni kwenye karatasi yake, herufi moja moja. Kisha akaniomba kalamu na daftari.

Nawe utunze afya.

Eugénie


Nakivale, 10 Novemba 2013

Mutoto wangu Orpa,

Jambo. Ni mimi mwenyewe niko naandika, nimefunga mulango. Herufi iko mubaya, utanisamehe. Mukono umesahau.

Unauliza barabara. Haiko. Musoni hakuanguka.

Ile siku baba yako alikuwa na homa ya tumbo, analala mu nyumba, hakuweza kusimama. Batu bakaanza kukimbia. Nilibeba Musoni mu mugongo, nikatoka, baba yako akabaki, akisema niende. Nikafika ku barabara ya Sake. Kulikuwa lori, batu bamejaa mpaka juu ya kichwa ya dereva. Nikasimama pale. Nikasema, Ezira atachomwa peke yake. Muke moja mu lori akaniona nalia. Akasema, "Mama, leta mutoto. Rudi ubebe bwana yako, tutangojana Sake." Nikafungua kitenge, nikamupatia. Sikumuuliza jina.

Nilirudi, nikamubeba baba yako. Moto ilipita mbali na nyumba yetu, hata haikuifikia. Tulifika Sake kesho yake na miguu. Lori haikuwa. Batu bakasema iliendelea Minova. Nikatafuta siku tano mu makanisa na mu shule, fasi yote batu balikuwa banalala.

Halafu wewe ukafika, umezunguka na mashua kwa ziwa. Ukauliza, "Musoni iko wapi?" Barabara ya Minova ni ile balimuulia Déo, bwana yako, mwaka moja kabla ya volkano. Kulikuwa barieri ya maaskari banafunga njia kila fasi. Nilikuangalia, nikajua ukisikia mutoto ni muzima utaingia ku barabara ile siku ileile. Nikasema amekufa. Nilimuzika na mudomo yangu. Nilifikiri nitakuambia ukweli nyuma ya mwezi moja, vita ikitulia. Vita haikutulia. Ukaanza kuvaa nyeusi. Halafu ukavua nyeusi. Nikaogopa.

Na lingine sitaficha. Nilikuwa na haya. Nilichagua bwana yangu. Yeye alijua, alikufa na hiyo neno mu tumbo. Siku ya mwisho aliniambia, "Kampire, sema." Sikusema.

Sijui kama Musoni ni muzima. Sijui kitu. Lakini sikumuona akikufa.

Mama yako,
Kampire


Reykjavik, 25 Mei 2014

Mama,

Barua yako ilinifikia Desemba. Miezi mitano sijajibu. Simu zako niliziona, Eugénie nilimwona pia akipiga, sikushika. Usidhani nilikuwa nalia. Nilikuwa naenda kazini. Nilisafisha shule, nilipika, Jumapili nilienda kanisani na kukaa nyuma. Nilingoja hasira ije. Niliitafuta kama mtu anavyotafuta funguo. Haikuja. Nilikuwa na ganzi tu, kuanzia hapa kifuani mpaka vidoleni.

Nimerudi melini. Mwaka huu wameniongezea kazi ya mlangoni. Pale kuna ubao wenye namba za wageni wote. Mtu akishuka kwenda nchi kavu anageuza namba yake ikawa nyekundu, akirudi anaigeuza ikawa nyeupe. Meli haiondoki mpaka zote ziwe nyeupe. Juzi, upande wa kaskazini, namba moja ilibaki nyekundu. Mzee wa chumba cha saba. Upepo ulikuwa umeanza na nahodha alitaka kutoka. Hakutoka. Mashua mbili zilirudi ufukweni kumtafuta, watu wanaita jina lake kwenye mawe. Saa nzima. Mimi ndiye niliyemkuta, yuko chumbani kwake amelala, alisahau tu kugeuza namba. Wageni wakacheka wakapiga makofi. Nikaenda chooni, nikajifungia. Nilikaa chini mpaka mwenzangu akaja kugonga. "Orpa, unaumwa?" Nikasema ndiyo.

Kabla ya kuja huku, mwezi wa nne, nilikuwa nimeenda Msalaba Mwekundu. Wana ofisi ya kutafuta watu. Yule dada alikuwa na fomu ndefu. Jina. Mwaka wa kuzaliwa. Lugha anayosikia. Alama mwilini. Mwezi wa saba Musoni atatimiza miaka kumi na tano. Nilijibu yote mpaka akauliza, "Alionekana mara ya mwisho akiwa amevaa nini?" Sikujua. Asubuhi ile nilitoka bado amelala. Wewe ndiye uliyemvika.

Dada akasema fomu itangoja. Akasema pia nisijenge tumaini kubwa, miaka ni mingi. Nikamwambia sina tumaini, nina swali.

Usiniulize kama nimekusamehe. Sijui, na nikisema ndiyo leo nitakuwa nadanganya, na uongo umetutosha. Mwezi wa kumi na moja nikipata likizo nitakuja Mbarara. Nitalala kwa Pasta, Nyamitanga. Nitakuja Nakivale mchana kukuona, halafu tutaona.

Niandikie nguo. Niandikie huyo mwanamke alivyokuwa. Na niandikie kama mtoto alilia.

Orpa


Nakivale, 29 Juni 2014

Mutoto wangu Orpa,

Jambo. Barua yako niliisoma mwenyewe.

Juzi nilienda Base Camp ya hapa kambini na Eugénie, ku ofisi ya kutafuta batu. Nilisema yote mbele yake, sikupunguza. Alikuwa hajui. Tulipofika nyumbani akasema, "Nitakuja kesho kuchota maji na wewe." Muandishi aliandika yote, nikatia sahihi. Alisema watatuma jina Minova na Bukavu, na kule kwenu, karatasi mbili zikutane.

Nguo. Shemizi, shati ya manjano ya mukono mufupi, ile ulimununulia Noeli. Kifungo ya pili ilikuwa imepotea, nilishona na uzi nyeupe. Suruali ya kaki, ilikuwa kubwa kwake, nilifunga kiunoni na kipande ya kitenge nyekundu. Viatu hapana. Nilivitafuta nikaviacha. Ku mukono ya kushoto, juu ya kiwiko, ile alama ya uji iliyomuchoma. Kichwa nilikuwa nimemunyoa siku mbili kabla.

Muke alikuwa mufupi, mweusi, meno ya mbele iko na nafasi katikati. Kitenge ya bluu. Alisema Kihavu na dereva. Alikuwa na mutoto mwingine mu mapaja, mudogo kuliko wetu, na gunia ya makaa. Kama ni mwizi, ni mimi nilimupatia.

Unauliza kama alilia. Mwanzo hapana. Yule muke alimupatia kipande ya muwa, akaketi kimya, akaniangalia tu. Lori ilipoanza kwenda ndiyo alilia. Alisimama, bakamushika shemizi nyuma asianguke. Aliita. Hakuita mimi, Orpa. Alikuwa anaita wewe.

Mama yako,
Kampire