Bibi wa Miaka Kumi na Saba

Marahaba, Salma mjukuu wangu. Huku Schaerbeek hatujambo. Mama amepona kikohozi, sasa anatugombeza kama zamani.

Unauliza kama niliona aibu kuitwa bibi kwenye televisheni, na umri wangu huu. Niliona. Filamu ile ni ya Mama Zuhura, Mtanzania mwenzetu mwenye kampuni yake ndogo hapa Brussels. Alinirekodi nikiongea nawe kwa simu. Bwana wa kituo cha televisheni alipoitazama, akasema maandishi ya chini ya picha, yanayoniita bibi, yamekosewa.

"Huyu msichana ni dada wa bibi yake yule mtoto wa kwenye simu. Andika hivyo, la sivyo watazamaji watacheka."

"Mwulize mwenyewe," akasema Mama Zuhura.

Unanijua, hata darasani nikitajwa jina jasho linanitoka. Nusura nikubali ili yaishe. Kisha nikakukumbuka unavyoniamkia.

"Kwetu dada wa bibi ni bibi," nikasema kwa Kifaransa, sauti ikitetemeka.

"Na huyo mtoto anakutii?"

"Hata kidogo! Ananitania tu."

"Basi kweli ni bibi," akacheka, na neno likabaki.

Salma, kumbe aibu haimzuii mtu kusema. Inamtetemesha tu.

Ni mimi bibi yako,
Rehema