Kibanio Chekundu cha Seva

Jumatatu, 9 Machi 1998
Stima imerudi saa tatu. Ofisi yangu ya kutaipu hapa Buruburu ni ile ile: kompyuta yangu, ya Akinyi msaidizi wangu, na seva pembeni inayotunza kazi zetu zote. Programu ya seva ni kuukuu. Tukifungua faili moja sote wawili, anayehifadhi mwisho anafuta kazi ya mwenzake. Ndiyo maana ya kile kibanio chekundu cha nguo. Aliyekibana juu ya skrini yake ndiye mwenye faili. Mwingine angoje. Tunangojana kutwa.

Kariuki fundi amepita tena kunihimiza niweke programu mpya. Nimemwambia hii inafanya kazi. Akacheka. Nimechoka na mafundi wanaocheka.

Jumatano, 11 Machi
Mama Fanuel wa Ziwani amefiwa na mumewe. Mwili unaondoka Ijumaa kwenda Kakamega, Jumamosi wazike. Tunamtengenezea kijitabu cha mazishi. Shemeji yake alikuwa ameshaleta majina ya watoto wa nyumba kubwa, ya mke wa kwanza, yakaingia kwenye faili. Yeye, mke wa pili, alinitajia wake watano polepole, nikitaipu. Kisha akanishika mkono. "Mama Wambui, hawa wasikose. Huko nyumbani wananiona mtu wa kupita."

Nimesoma yote kwa skrini. Sawa. Akinyi alikuwa akirekebisha nyimbo za kijitabu.

Alhamisi, 12 Machi
Tumechapa. Shemeji amechukua boksi. Mgongo unauma.

Jumatatu, 16 Machi
Mama Fanuel amekuja. Hakuketi. Amekiweka kijitabu mezani na kunifungulia ukurasa. Nyumba kubwa wote wapo. Wake, hakuna hata mmoja.

Wasifu ulisomwa vile ulivyoandikwa. Watoto wake walipoinuka kwenda kutupa udongo, mtu aliwauliza wao ni akina nani. "Wakaambiwa hata karatasi haiwajui," amesema. Akaondoka.

Kabla hajatoka nilikuwa nimeshamgeukia Akinyi, mbele ya mgeni, nikasema yeye ndiye amefuta. Alienda chooni, akarudi na macho mekundu. Nilisema vile kwa sababu ya aibu.

Jumanne, 17 Machi
Chai ya saa nne. Nimefungua kabati. Pakiti ya sukari imebanwa na kibanio chekundu.

Ni mimi. Jumatano sisimizi waliingia sukari, nikakitoa kwa skrini yangu, nikasahau. Akinyi hakukiona, akadhani faili iko huru, akaifungua. Mimi nikahifadhi majina. Yeye akahifadhi nyimbo baada yangu, na majina yakaenda.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka mzima Kariuki ananionyesha ufa.

Nimemwambia Akinyi ukweli na kumwomba msamaha. Amesema tu, "Sawa, Mama Wambui." Kuliko sawa ya namna hiyo, heri matusi. Nimempigia Kariuki simu.

Jumatano, 18 Machi
Tumefunga siku nzima. Kariuki ananakili kazi zetu kwa disketi, moja baada ya nyingine, kabla ya kugusa seva. Wateja wanagonga, nawarudisha. Nimeketi kwangu kama mgeni. Saa kumi na moja amemaliza. Leo hakucheka.

Alhamisi, 19 Machi
Nimefungua barua ya shule. Akinyi akajaribu kuifungua pia. Skrini yake ikamkataza.

"Inasema uko ndani," amesema. Ametabasamu kidogo. Si kwangu, kwa skrini.

Kufikia saa saba tumemaliza kazi mbili, kila mtu yake, bila kungojana. Na seva sasa inabaki na nakala ya jana ya kila faili. Kitu hicho tu. Ningekubali mwaka jana, wale watoto wangesomwa. Hilo ndilo linanichosha, si kazi.

Ijumaa, 20 Machi
Nimetaipu upya ukurasa ule. Majina sikuhitaji kuuliza. Nayakumbuka yote matano.

Nimeenda Ziwani na nakala kumi. Nimemweleza Mama Fanuel kwamba kosa lilikuwa langu, si la msichana. Amesoma kwa kidole, jina kwa jina. Amesema mazishi hayarudiwi. Nimesema najua.

Amehesabu tano, moja ya kila mtoto. Tano akanirudishia.

Nimerudi ofisini. Akinyi alikuwa ameniwekea chai. Kibanio kiko kwa sukari.